Zau anaongea Kiswahili, Simba na Yanga bado wako nje ya gemu

KAMPUNI ya EA ya Marekani inafahamika kila kona ya nchi hii kwa sababu moja tu: mpira. Ndiyo iliyoanza kutengeneza FIFA mwaka 1993, na ndiyo inayotengeneza EA Sports FC tangu ilipoachana na jina la FIFA mwaka 2023. Lakini Aprili 23, 2024, kampuni hiyohiyo iliingiza sokoni gemu ambalo mchezaji akitaka, wahusika wake wanaongea Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Gemu lenyewe halina mpira. Halina kona, halina penalti, halina refa wa kumlalamikia. Linaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na ni gemu la safari na mapambano ambalo mchezaji anavaa uhusika wa kijana mmoja, anapigana, anaongeza ujuzi na kusonga mbele mpaka afike mwisho wa hadithi.

Kwa shabiki wa gemu wa siku nyingi, habari hiyo ni tamu na chungu kwa mpigo. Tamu kwa sababu lugha yake imefika kwenye meza kubwa. Chungu kwa sababu imepita mlango wa hadithi, wakati yeye ameusimamia mlango wa mpira zaidi ya miaka ishirini, anabisha hodi na hakuna anayeitika.

Mchukue shabiki wa Mlingotini. Ni kijiji cha pwani wilayani Bagamoyo, jirani na Mbegani, chenye wavuvi, kina mama wa kilimo cha mwani na ubishi wa Simba na Yanga usiokwisha. Shabiki wa pale mwenye miaka thelathini na kitu leo huenda alianza na Winning Eleven kwenye PlayStation ya kwanza, akahamia PS2 iliyochezewa ili isome CD za kukopi, halafu FIFA, halafu simu. Anawajua Castolo, Minanda na Ximelez, wale wachezaji wa kubuni wa Master League, kuliko anavyowajua baadhi ya jamaa zake wa ukoo. Anakumbuka Liverpool ilipokuwa ikiitwa Merseyside Red na Manchester City ikiitwa Man Blue kwa sababu waliotengeneza gemu hawakuwa na kibali cha majina.

Huyo ndiye mwenye haki ya kuulizwa Zau kaja na nini, na kaacha nini nyuma.

MGANGA ASIYE WA KAMATI YA UFUNDI

Nyuma ya gemu hili yuko Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu wanaijua sauti yake tangu 2017, alipoigiza Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, gemu la mapambano na uhusika lililowekwa Misri ya kale. Wapenzi wa tamthilia wamemwona kwenye Raised by Wolves na House of the Dragon.

Salim alifiwa na baba yake, na kwa maelezo yake mwenyewe gemu hili lilizaliwa na msiba huo. Akaanzisha studio yake, Surgent Studios, na EA ikakubali kulisambaza gemu kupitia mpango wake wa kusaidia studio ndogo. Desemba 2023, gemu lilipotangazwa kwenye hafla ya The Game Awards, Salim alisimama jukwaani na kuzungumza juu ya baba yake, hadithi alizokuwa akimsimulia na pengo aliloliacha.

Hadithi ya ndani ya gemu inafuata njia hiyohiyo. Kijana Zuberi amefiwa na baba yake, naye anasoma kitabu ambacho marehemu alimwachia. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana, ambaye naye amefiwa. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa ofa: nitakukamatia mizimu mitatu mikubwa inayokukwepa, nawe unirudishie Baba. Silaha zake ni vinyago viwili, kimoja cha Jua na kingine cha Mwezi, na mchezaji anabadilishana navyo katikati ya pambano kama kocha anayegeuza mfumo bila kusubiri mapumziko.

Kwa shabiki wa soka la Bongo neno mganga halihitaji maelezo. Amelisikia kabla ya kila dabi, kwenye stori za geti lipi timu iingilie, nani kamwaga nini uwanjani na kamati ya ufundi imelala wapi. Zau ni mganga wa aina nyingine. Hafungi goli la mtu na harogi timu pinzani. Kazi yake ni kutuliza roho zilizochafuka, na kila pambano linalokwisha linamsogeza karibu na jambo ambalo hataki kulikubali, kwamba aliyekufa hadaiwi kurudi.

Hilo ndilo linalowashika hata watu ambao hawakuwahi kucheza gemu lisilo na mpira. Kijiji cha wavuvi kinajua habari ya baba aliyetoka alfajiri na ngalawa ikarudi bila yeye. Zau anapomwita "Baba", neno hilo halihitaji maandishi ya chini ya skrini.

KIKOSI CHA MAPRO

Hata hivyo, furaha ya Kiswahili ina maswali yake. Ukiangalia orodha ya viumbe anaopambana nao Zau, ni kikosi cha mapro watupu. Kalunga anatoka kwenye imani za watu wa Kongo na Angola. Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini mwa Afrika. GaGorib anatoka kwenye simulizi za Wakhoikhoi, hukohuko kusini. Kikiyaon, yule mwenye umbo la bundi, ni wa Afrika Magharibi.

Kiswahili ndiyo jezi. Waliovaa jezi wametoka pande zote za bara.

Mtu wa pwani ana haki ya kuuliza wa kwake wako wapi. Pwani hii ina Fumo Liongo, shujaa wa upande wa Pate na Ozi, mpiga upinde na mtunga mashairi ambaye simulizi zinasema hakuna silaha iliyomwingia isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma alikuwa mwanawe mwenyewe. Hilo ni gemu zima. Lina shujaa, lina siri ya udhaifu wake, lina usaliti ndani ya nyumba. Bagamoyo nayo ina Kaole na magofu yake, na ina TaSUBa, taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako ngoma, maigizo na usimulizi vinafundishwa darasani. Malighafi ipo, na mafundi wapo.

Lakini shabiki wa Simba au Yanga ndiye wa mwisho kulalamika kwa hili. Anashangilia kila wiki timu ambayo nusu ya kikosi chake imetoka Kongo, Ivory Coast, Burkina Faso au Zambia, na bado anaiita timu yake. Alichokidai siku zote ni kwamba aliyevaa jezi aipiganie. Kwa kipimo hicho Zau anapasi. Kiswahili chake hakikuwekwa kama pambo la salamu mbili tatu. Kimebeba msiba, hasira na maridhiano, yaani vitu vizito kuliko "hakuna matata".

HESABU YA BANDA

Kinyongo cha pili ni cha fedha. Gemu lilitoka kwa dola 19.99, takriban Sh50,000 kwa viwango vya wakati ule. Ukilinganisha na gemu jipya la mpira linalouzwa dola 69.99, Zau ni nafuu. Tatizo ni mashine. Gemu lilitoka kwa PS5, Xbox za kizazi kipya, Nintendo Switch na kompyuta. PS4 haikuwemo, PS3 ndiyo usiseme. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, zaidi ya Sh1 milioni kabla hujagusa kodi na usafiri.

Kwa hali hiyo gemu linaloongea Kiswahili limewafikia kirahisi zaidi Waswahili wa London na Toronto kuliko wa Mlingotini.

Na hata mashine ikipatikana, kuna hesabu ya banda. Vijana wengi wa pwani na bara hawakujifunzia gemu sebuleni kwao. Walijifunzia kwenye banda la kulipia, ambako televisheni ni moja, pedi mbili, benchi limejaa na anayefungwa anatoka. Mwenye banda anauza mechi. Dakika chache zinaisha, jero inaingia, mwingine anakaa. Zau ni gemu la mtu mmoja na hadithi yake inachukua saa kadhaa. Huwezi kumwambia aliyefikia kwa Kalunga asimame kwa sababu muda wake umeisha, na huwezi kuwaambia kumi walioko nyuma wasubiri mpaka amalize msiba.

Ndiyo maana gemu la mpira linatawala banda. Sababu haiko kwenye mapenzi ya soka peke yake. Mechi inalingana na mfuko wa mchezaji na hesabu ya mwenye banda.

Pamoja na hayo, Kiswahili kina nguvu yake hata kwa aliyeko benchi. Watu hawa wamezoea vibanda umiza, na wamekulia kwenye filamu za nje zilizotafsiriwa kwa sauti ya Lufufu na waliomfuata. Wanajua raha ya kusikiliza hadithi kwa lugha yao huku picha ikitoka mbali. Siku Zau atakapowekwa kwenye skrini ya kibanda, wasio na pedi watamsikia pia. Gemu la mpira lenye mtangazaji wa Kiingereza halijawahi kuwapa hicho. Ndiyo maana kwenye mabanda mengi sauti ya televisheni inashushwa na mpenzi mmoja wa benchi anajiteua kuwa mtangazaji.

KUMBE INAWEZEKANA

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwa miaka mingi, mashabiki wakiuliza kwa nini gemu la mpira halina Kiswahili, jibu la mtaani limekuwa moja: wazungu hawawezi kuhangaika na lugha yetu. Zau amelivunja jibu hilo. Nembo ya EA iko kwenye gemu lililorekodiwa Kiswahili chote. Lugha haikuwashinda. Kilichofanya kazi ni kwamba safari hii mezani alikaa mtu aliyeitaka, mwenye baba wa kumkumbuka kwa lugha hiyo.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Kutangaza mpira kwenye gemu ni kazi kubwa kuliko kusimulia hadithi. Hadithi ina mwanzo na mwisho, na waigizaji wanasoma kurasa zinazojulikana. Mechi haina kurasa. Mtangazaji wa gemu anarekodi maelfu kwa maelfu ya vipande: jina la kila mchezaji kwa sauti ya kawaida, kwa sauti ya presha na kwa sauti ya goli, kila aina ya pasi, kadi na kosa, halafu kila mwaka anarudi studio kwa sababu usajili umebadilika. Ni gharama, na kampuni inaweka gharama pale inapoona mauzo.

Lakini Kiarabu kimo, na lugha kadhaa za Ulaya zimo, nyingine zikiwa na wasemaji wachache kuliko Kiswahili. UNESCO, iliyoitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, inahesabu wasemaji zaidi ya milioni 200. Na watangazaji hawakosekani. Nchi hii imelelewa na sauti kama ya marehemu Charles Hilary redioni, na leo kuna kina Baraka Mpenja ambao goli moja la Azam TV linaweza kuzunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Aliyezoea kumsikia mtangazaji wa Kiswahili akipandisha sauti tangu winga alipopokea mpira hawezi kuambiwa kuwa lugha hii haifai kwa gemu.

NJIA YA SAMATTA

Kuliko lugha, kidonda cha shabiki wa siku nyingi ni timu. Tangu FIFA ya kwanza hadi EA Sports FC ya sasa, Ligi Kuu Bara haijawahi kuwemo, wala Simba, wala Yanga, wala Azam.

Mtanzania alipata njia moja tu ya kuingia kwenye gemu, nayo ni kuondoka. Mbwana Samatta hakuwa kwenye gemu alipokuwa Simba, na hakuwemo alipobeba ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015. Aliingia baada ya kutua Genk ya Ubelgiji mwaka 2016. Januari 2020 alipokwenda Aston Villa, na Machi 1 mwaka huohuo alipofunga kwa kichwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Villa ikapata wenyewe hapa Bongo. Watu ambao hawakujua Villa iko mji gani walianza kuichagua kwenye gemu ili tu wampasie Samatta.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye gemu ni kinyume. Mcheza kwao hana jina, hana uso, hana hata namba mgongoni, mpaka avuke bahari.

Na si kwamba waliobaki hawana la kuonyesha. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ikafungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, ikaenda kushinda 1-0 Algiers na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba ikafika fainali hiyohiyo mwaka 2025, ikapoteza kwa RS Berkane kwa jumla ya mabao 3-1 baada ya sare ya 1-1 Zanzibar. Haki za matangazo ya ligi zilinunuliwa na Azam Media mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Ligi ya namna hiyo haiombi hisani.

Kinachokosekana ni makaratasi. Timu haiingii kwenye gemu kwa sababu ina mashabiki wengi. Inaingia kwa sababu kuna mkataba. Jina la ligi lina mwenyewe, nembo ya klabu ina mwenyewe, jezi ina mwenyewe, na jina na uso wa mchezaji vina mwenyewe. Mmoja akikosekana, gemu linabuni. Juventus, klabu kubwa kuliko zote Italia kwa makombe ya ligi, iliwahi kuitwa Piemonte Calcio kwenye FIFA 20 kwa sababu haki zake zilikuwa zimeuzwa kwa Konami peke yao. Upande wa Afrika, Kaizer Chiefs na Orlando Pirates zilikuwemo kwenye FIFA kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mlango wa klabu za Afrika si ukuta. Umewahi kufunguliwa.

Wakati wakubwa hawajafungua, shabiki amejifungulia mwenyewe. Kwenye simu za vijana Dream League Soccer imejaa jezi za Simba na Yanga, kwa sababu gemu hilo linaruhusu mtumiaji kuweka jezi anayotaka. Kuna wanaohariri PES za zamani jina kwa jina, mpaka kikosi cha Msimbazi na cha Jangwani kinakamilika, na dabi inapigwa kwenye skrini iliyopasuka pembeni. Hiyo ni kazi ya mikono isiyolipwa, na ni ushahidi kwamba wateja wapo. Soko ambalo watu wake wanajishonea jezi usiku haliwezi kuitwa soko lililolala.

SIFA BILA POINTI

Kuna somo jingine la Zau ambalo watu wa mpira wataelewa haraka. Gemu lilisifiwa. Liliingia kwenye wagombea wa The Game Awards 2024 katika kundi la magemu yenye ujumbe kwa jamii, na Aprili 2025 likachukua tuzo ya BAFTA ya gemu linalovuka mipaka ya burudani. Kwa lugha ya uwanjani, walicheza mpira mtamu na jukwaa likapiga makofi.

Pointi hazikuja. Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya gemu kutoka, Surgent Studios ilipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Oktoba mwaka huo idara yake ya gemu ikapewa notisi huku studio ikitafuta fedha za kutengeneza gemu jingine la mapambano na uhusika, lililopewa jina la mradi Uso. Gemu lililofuata kutoka kwao, Dead Take la Julai 2025, ni la kutisha, na hadithi yake ni ya waigizaji wa Hollywood. Safari hii msambazaji alikuwa kampuni nyingine, siyo EA.

Hakuna wa kumlaumu Salim. Studio inalipa mishahara kama klabu, na msifiwa asiyelipwa hufunga virago. Lakini kwa shabiki wa Mlingotini maana yake iko wazi. Kiswahili kiliingia kwenye gemu kwa mapenzi ya mtu mmoja, na mapenzi ya mtu mmoja yanaweza kuishiwa fedha. Kitu kinachotegemea bahati ya kupata kijana wa Kiswahili mwenye jina kubwa London hakiwezi kuitwa mpango.

Hapo ndipo mpira una nafasi ambayo hadithi haikuwa nayo. Zau alilazimika kutafuta wateja kuanzia sifuri. Simba na Yanga zina wateja tangu miaka ya 1930. Zau alikuwa na mwongozaji na msiba wake. Ligi ina bodi, ina TFF, ina mdhamini aliyeweka jina lake, NBC, na ina klabu zenye idara za masoko. Wote hao wanaweza kukaa meza moja na kampuni ya gemu wakiwa na kitu cha kuuza.

KABLA YA 2027

Na saa inatembea. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN, Taifa Stars ikafika robo fainali na kutolewa na Morocco kwa bao 1-0. Nchi hizohizo tatu ndizo zilizopewa AFCON 2027. Kwa mara ya kwanza macho ya soka la bara zima yatakuwa kwenye nchi ambazo Kiswahili ni lugha ya jukwaani. Kama kuna wakati ambapo kampuni ya gemu inaweza kushawishiwa kwamba sauti ya Kiswahili na jezi za ukanda huu zina soko, ni huu.

Njia haihitaji kuanzia kileleni. Kutangaza mechi nzima kwa Kiswahili kunaweza kuwa mzigo wa miaka. Jezi na nembo za klabu mbili tatu kwenye toleo la simu ni mzigo mdogo. EA na Konami zote zina magemu ya mpira ya simu yanayopakuliwa bure, na simu ndiyo PlayStation ya Mlingotini. Kijana asiyeweza kununua PS5 anaweza kununua bando.

Kuna tahadhari pia. Klabu zikiingia bila kusoma mkataba zinaweza kuuza nembo kwa bei ya karanga, na mchezaji wa ndani akajikuta uso wake unauza kadi kwenye simu za dunia nzima huku yeye hajui alisaini nini. Kuingia kwenye gemu kusiwe sifa ya picha ya pamoja na kushikana mikono. Kuwe na sehemu ya klabu, sehemu ya ligi na sehemu ya mchezaji, iliyoandikwa.

Shabiki wa siku nyingi atamcheza Zau siku akipata mashine, na huenda akafika mwisho akiwa kimya, akimkumbuka wa kwake. Ataheshimu kazi ya Salim kwa sababu ametendewa kitu ambacho hakuwahi kutendewa na kampuni yoyote ya gemu: amesemeshwa kwa lugha yake kama mtu mzima. Kisha ataichukua simu, atafungua Dream League, ataiweka jezi ya timu yake kwa mkono wake mwenyewe kama alivyozoea.

Tofauti ni kwamba sasa anajua hakuna kilichoshindikana. Aliyesema Kiswahili hakiwezi kuingia kwenye gemu la EA amekwishafungwa goli la mapema. Waliobaki na mpira mguuni ni wenye ligi.